Vidole Viwili

Gati la Kamanga, upande wa mjini, alfajiri.
Lori langu limebeba saruji, foleni imejikunja
hadi kwa wauza sambusa. Mbele,
juu ya bamba la chuma la kivuko,
mtu mfupi mwenye kizibao cha njano
anainua vidole viwili.

Hivyo tu. Viwili, kisha ngumi.
Mguu wangu ulikanyaga breki kabla sijafikiri,
maana miaka tisa vidole vile vilikuwa sheria:
viwili, Mhoja zunguka nyuma ya kizuizi;
ngumi, tulia, wavute waje.

Bundala.

Hakuniona. Au aliniona kama alivyozoea kuona,
bila kugeuza shingo.

Nyinyi mliokuta viwanja vya mbao hamtaelewa.
Sisi tulicheza Mirongo, saruji imepasuka,
ukidunda mpira kwenye ufa unakwenda kwa jirani.
Bundala alizikariri nyufa zote.
Alimwongoza adui taratibu, kama anayemwonyesha mgeni njia,
hadi juu ya ufa, akangoja mpira umkane mwenyewe.
Ndivyo mtu wa kimo cha mlango wa banda la mbuzi
alivyowanyang'anya watu wa kimo changu.

Kufunga hakupenda. "Mimi napakua," alisema.
"Mpakuaji akianza kula, wageni watalala njaa."

Kigali wakamchukua. Kisha Aleksandria, misimu minne,
pesa ya kweli, chumba cha kupanda kwa lifti,
na bati moja moja lililotumwa kwa mama yake Igogo
mpaka nyumba ikafunikwa yote.
Alijifunza kuhesabu Kiarabu hadi ishirini na nne,
sekunde za shambulizi; zaidi ya hapo, alisema, hakuna haja.
Usiku mmoja alinipigia simu: "Huku wana miguu ya twiga,
lakini hakuna anayekimbia kabla sijatoa pasi."
Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa.
Nimeitunza kuliko medali.

Medali.
Haya, tuseme na hilo.
Fainali ya kanda, tuko nyuma pointi moja, sekunde nne.
Macho yake yalitazama kulia
na uwanja mzima ukatazama kulia,
refa, kocha Rweyongeza, hata muuza karanga.
Mpira ukaja kushoto, mikononi mwangu, bado una joto.
Nikafunga.

Picha ya gazeti iko sebuleni kwangu: mimi niko hewani,
na pembeni kabisa, pale mkasi ulipopita,
vidole vitano visivyo na mwenyewe.
Mke wangu aliuliza ni vya nani.
Nikamjibu, "Vya mtu fulani."

Goti lilipomkatikia kule, hakuna aliyemsindikiza.
Alirudi na begi na mkongojo wa alumini,
akauza viatu vyake kimoja baada ya kingine,
jozi kumi na moja, akabakiza moja.
Nilisikia. Nilikuwa nimenunua lori. Sikwenda.

Sasa basi la Geita linanguruma,
pikipiki zimejazana kama dagaa kwenye beseni,
landkruza ya misheni haitaki kurudi nyuma.
Yeye, bila kipenga, anaona nafasi ambayo haijazaliwa.
Dereva wa basi anamtukana. Bundala anamtazama,
anamtazama yeye tu, kulia,
na mkono wake wa kushoto, chini ya kiuno,
unaniita.

Nikapita. Kiganja kimoja kila upande.

Nilipozima injini alikuja akichechemea,
akagonga mlango wangu mara mbili.
"Umechelewa nusu hatua," akasema.
Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo tangu mwaka wa mkongojo.
Lakini alikuwa ameshashuka nchi kavu,
na bamba likaanza kuinuka na minyororo yake.

Juu ya ukingo wake nikaona mkono:
vidole vitatu, kwa lori lingine, la msimu mwingine.
Vitatu.
Mchezo huo sikuwahi kufundishwa.